Moyo Mkubwa wa Mzee Misumari

Siku ya kwanza Mapatano alipokutana na Vuta Pumzi, alifukuzwa kabla hajamaliza kusalimia. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa inawaka, naye, kwa mazoea ya mtu anayeingia popote penye mteja, akausukuma mlango huku tabasamu likiwa limetangulia.

"Toka!"

"Samahani dada, mimi ndiye yule niliyepiga simu..."

"Toka nje, funga mlango! Hiyo taa nyekundu unadhani tumeiweka urembo?"

Akatoka. Akiwa ameegemea ukuta wa korido akaisikia sauti ileile, safari hii imelainika kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Haya baba, simama wima. Kifua kiguse ubao. Mabega mbele kidogo, hapohapo. Vuta pumzi... vuta... zuia. Usipumue. Usipumue." Mashine ikatoa mlio mfupi. "Haya, pumua."

Mapatano akashusha pumzi, na hapo ndipo alipogundua kwamba na yeye alikuwa ameizuia. Akajiambia kuwa mwanamke anayeweza kumbana pumzi mtu aliyeko nje ya mlango si wa kumwendea na maneno ya sokoni.

Maneno ya sokoni alikuwa nayo ya kumwaga. Alianza na viatu vya mitumba, akapanda kwenye simu zilizotumika, akapanda tena kwenye majenereta, na kila alichowahi kuuza alikiandikia kwa chaki: bei mapatano. Jina likamganda. Sasa alikuwa anauza kitu kisichoshikika kwa mkono. Hospitali ndogo inapiga picha ya eksirei, picha inasafiri kwenye mtandao, daktari bingwa aliyeko mji mwingine anaifungua kwenye skrini yake, anaisoma, anarudisha majibu kabla mgonjwa hajamaliza chai. Mapatano mwenyewe hakuweza kutofautisha pafu na ini, wala hakujifanya. "Mimi nauza bomba," alikuwa akisema. "Maji ni yenu."

Hospitali hii ilikuwa na mashine nzima, iliyonunuliwa kwa michango ya watu, na ilikuwa na mtu wa kuiendesha. Ilichokosa ni mtu wa kusoma. Picha zilitiwa kwenye bahasha za kaki, zikapandishwa basi hadi hospitali kubwa, zikarudi zikipenda, na si mara moja mtu aliyepeleka goti alirudishiwa mbavu za mwenzake. Bodi ya hospitali ilikuwa imechoka. Ilishaanza kusema kwamba chumba cha picha kifungwe, kiwe stoo ya magodoro, na mama wa picha ahamishiwe mapokezi akaandike majina.

Mganga mkuu alimweleza Mapatano bila kuzunguka. "Mimi nataka. Bodi itataka ikiona faida. Lakini mama wa picha ukimkosa, umekosa yote. Yeye ndiye wa kutuma kila picha."

Basi akangoja. Taa ilipozimika, mama wa picha, Vuta Pumzi mwenyewe, akatoka akivua aproni yake ya kazi. Mapatano akajitia muungwana, akaipokea, ikamvuta mikono hadi magotini.

"Ina nini humu?"

"Risasi."

"Risasi!"

"Madini ya kuzuia mionzi, kaka, si ya bunduki. Kila siku lazima nimtulize mtu." Akamnyang'anya, akaitundika ukutani. "Haya, sema. Nimesikia unauza daktari asiyeonekana."

"Anasikika kwenye simu, dada yangu."

"Wengi wanasikika kwenye simu. Akipigiwa anapokea?"

"Anapokea."

"Na akiwa hana uhakika?"

"Hapo anapiga yeye."

Alimtazama kama anayetafuta ufa kwenye mfupa. Kisha akasema ana sharti moja: majibu yaje kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi.

"Dada, hawa ni mabingwa. Lugha yao ni ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nakwambia. Mgonjwa anapewa karatasi, hajui imeandika atapona au akaandae kaburi. Anakuja kunivizia hapa korido, ananishika mkono: mama, hebu niambie, hapa wanasema nini? Na mimi siruhusiwi kusema. Kazi yangu ni kupiga, wa kusema ni daktari. Unajua ilivyo taabu kumwona mtu mpaka ndani ya kifua halafu unajifanya hujaona kitu?"

Mapatano alikubali palepale, na hilo lingemtia shaka yeyote anayemjua, maana hakubali haraka ila kitu kisichotoka mfukoni mwake. Akaongeza na la kwake, kama muuzaji anayetupia kitunguu kimoja juu ya fungu. "Na mimi nakupa nyongeza. Majibu yatamfikia mgonjwa mwenyewe, moja kwa moja, kwenye simu yake."

"Yapite kwanza kwa daktari wetu."

"Yatakwenda kwa wote wawili kwa mpigo. Hakuna kuviziana korido tena."

Akafikiri, akakubali. Kila mmoja aliondoka akidhani amemzidi mwenzake kete. Bodi ikaruhusu miezi michache ya majaribio, na ikasema wazi kwamba siku ya mwisho wa majaribio itapiga kura: ama mkataba, ama magodoro.

Katika miezi hiyo Mapatano alikuwa akipita kuangalia bomba lake linavyotiririka, na kidogo kidogo akamjua mwenye chumba. Vuta Pumzi alilelewa na shangazi yake, na alipomaliza shule aliajiriwa kwenye studio ya picha, ile ya pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa. Alikuwa anawaambia watu wainue kidevu, wasifumbe macho, kisha anajifungia kwenye chumba cha giza na kuwatoa mmoja mmoja kwenye beseni la dawa. Aliipenda kazi ile. Halafu simu zikaota macho, kila mtu akawa mpiga picha, na mwenye studio akauza viti, akauza pazia, chumba cha giza kikawa cha kinyozi. Vuta Pumzi hakukaa kulilia beseni. Alijiuliza ni picha gani ambayo mtu hawezi kujipiga mwenyewe kwa simu, akapata jibu, shangazi akajifunga kibwebwe akamlipia chuo. "Uso wako jipige utakavyo," alikuwa akiwaambia watu. "Kifua chako utakuja kwangu tu."

Kwa hiyo chumba kile kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilimponyoka akiwa msichana asiye na sauti. Hiki hakuwa na nia ya kukiachia, na alimwambia Mapatano hivyo huku akifuta ubao wa vifua kwa kitambaa chenye spiriti. "Mimi mapokezi siendi. Mwandiko wangu mbaya."

Mume wake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani pa nyumba yao, mtu mnene mwenye utani. "Mke wangu ananijua mpaka mifupa," alikuwa akiwaambia wateja. "Ndiyo maana sithubutu kumdanganya." Walikuwa na mabinti wawili ambao, kwa kukulia karibu na ile sauti, walipopigwa picha za shule walizuia pumzi mpaka wakatoka wamevimba mashavu kama wapiga tarumbeta.

Daktari wa mbali naye alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya kukwaruza na mkono mwepesi. Kiswahili alizaliwa nacho, ila udaktari wote aliusoma kwa lugha nyingine, kwa hiyo alipoambiwa aandike Kiswahili chepesi, alikifanya chepesi hasa, maneno mawili matatu, basi. Kinyozi mmoja alikuja juu kama moto wa kifuu, simu mkononi. "Moyo wa kawaida? Mimi? Nimelipa kuambiwa nina moyo wa kawaida?" Mama mmoja naye aliandikiwa "Hakuna kitu", akadai arudishiwe ada yake, maana kitu chenyewe hakipo. Vuta Pumzi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mapatano alicheka zaidi. Watu wanaolalamika namna hiyo, kwa hesabu yake, ni watu waliosoma majibu, na hilo lilikuwa jipya.

Ndipo akaja Mzee Misumari.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa bodi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mji mzima ulimjua kwa mkono wa birika. Misumari, hata ya kupimwa kwa kilo, alikuwa anaihesabu mmoja mmoja, na uliopinda aliuhesabu pia. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, na kupanda ngazi ya kufikia rafu za juu kulikuwa kunamtoa ulimi. Akapigwa picha asubuhi, akarudi dukani. Majibu yakaingia kwenye simu yake akiwa anabishana na mteja juu ya bawaba. Akavaa miwani, akasoma: "Mapafu safi. Moyo mkubwa. Rudi kwa daktari."

Akasoma tena. Akampa mteja asome kwa sauti. Kisha, wanavyosimulia waliokuwepo, akampa yule mteja zile bawaba kwa bei ya mteja.

Mapatano alizipata habari hizo siku iliyofuata, alasiri, akiwa barazani kwa fundi cherehani anapunguziwa suruali. Vuta Pumzi alikuwa ametoka kazini, ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Akaingia jirani yao, mwashi, amebeba begani mfuko wa misumari kama aliyeokota.

"Mmesikia ya mzee?" mwashi alisema, hajakaa bado. "Nimenunua kilo, kaniongezea robo. Robo nzima! Nikamuuliza, mzee, u mzima? Akanionyesha simu. Mashine imemwona ndani, imekuta ana moyo mkubwa! Anasema miaka yote tunamsema vibaya, sasa sayansi imemtetea."

Fundi akaachia cherehani. "Moyo mkubwa? Yule?"

"Anauonyesha mji mzima. Na kaahidi huduma ya picha atailipia mwaka mzima kutoka mfukoni mwake. Kasema atatangaza kikaoni."

Mapatano akasimama na suruali yenye mguu mmoja mfupi. Mwaka mzima! Kikao kilikuwa keshokutwa. Mwenyekiti mwenyewe analipia, nani atapinga? Alikuwa anacheka, fundi anacheka, mwashi anapiga paja. Ilimchukua muda kuona kwamba kwenye mkeka hakuna anayecheka.

"Hakurudi kwa daktari?" Vuta Pumzi aliuliza.

"Arudi afanye nini? Kaambiwa mapafu safi, moyo mkubwa."

Akaweka ungo chini. Mwashi alipokwenda zake, akasema polepole, kama anayejisomea. "Nilimwona nilipompiga. Moyo umejaa kifua, umepita nusu. Nikajua ataitwa na daktari, ndiyo utaratibu. Si sifa ile, kaka. Moyo umetanuka. Unasukuma damu mpaka umechoka, unavimba. Na miguu yake ile iliyovimba, hamuoni anavaa kandambili hata kanisani?"

"Ana hatari?"

"Presha ya kuvimbisha moyo namna hiyo humwangusha mtu akiwa anahesabu misumari."

Mapatano akakaa. Hakuwa mtu wa kujidanganya, kwa hiyo alilisema wazi lililokuwa kichwani mwake. "Dada, sikiliza. Keshokutwa asubuhi kikao. Keshokutwa mchana unamwambia. Mchana uleule. Hata mimi nitakusindikiza."

"Na akianguka kesho?"

"Hajaanguka siku zote hizo."

"Hilo ni jibu la daktari au la dalali?"

"Ni la mtu anayetaka chumba chako kibaki. Fikiri. Ana furaha, analipia, anapiga kura. Ukimwambia leo, umemvua nguo mbele ya mji mzima. Mtu anayejivunia moyo wake umwambie ni ugonjwa? Atakifunga chumba kwa hasira tu. Wewe uende mapokezi na mwandiko wako mbaya."

Mapatano, aliyezoea kusoma uso wa mteja, akaona kwamba maneno yamempata Vuta Pumzi. Alikitaka chumba kile. Aliurudia ungo, akachambua punje mbili tatu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Mume wake akajifanya anatunga uzi.

"Sawa," akasema hatimaye. "Nitangoja. Ila chukua simu yako, sema kwa sauti yako, nikurekodi: mimi fulani, nimemwomba mama wa picha asimwambie mgonjwa ugonjwa wake mpaka mkataba wangu upite. Sema hivyo tu, nami nitangoja."

Katika maisha yake Mapatano aliwahi kubanwa na wanunuzi wa kila aina, lakini kubanwa kwa kukubaliwa ilikuwa mara ya kwanza. Akapiga hesabu upande wa pili. Mwenyekiti akianguka baada ya kikao, na ikajulikana kwamba watu wawili walijua, mkataba utazikwa naye, na hospitali nyingine zote alizokuwa anazinyemelea zitahudhuria mazishi. Hakukuwa na wema wowote katika hesabu hiyo, lakini ilitoka sahihi.

"Fundi," akasema, "nimalizie huu mguu wa pili. Tunakwenda dukani."

Walimkuta Mzee Misumari nyuma ya kaunta, kandambili miguuni, anampimia mtu mbao huku akipumua kwa mdomo. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, uso umemwiva. "Karibuni," alisema. "Mmekuja kuuona moyo? Pangeni foleni. Mimi nimeishi nao ndani ya nyumba moja tangu ujana wangu, na ndiyo kwanza nausikia."

"Mwacheni mama huyo," mzee alisema, anang'aa. "Karibu binti yangu, karibu kijana wa mapatano. Nyie ndio mlioniona nilivyo."

Vuta Pumzi aliomba wazungumze pembeni. Mzee akakataa, akasema hana siri, wateja wote ni ndugu. Basi akamwambia palepale, kwa sauti ileile ya nyuma ya mlango. "Mzee wangu, ile 'moyo mkubwa' si sifa. Ni ugonjwa. Moyo wenyewe umevimba, ile nyama yenyewe ndiyo imekuwa kubwa. Ulitakiwa urudi kwa daktari jana ileile."

Mtu wa mbao akaangalia mbao zake. Mwingine aliyekuwa mlangoni akaguna, na lile guno lilikuwa na kicheko ndani yake. Mzee akasikia. Uso ukambadilika.

"Jana sifa, leo ugonjwa?"

"Jana haikuwa sifa pia, mzee."

"Mbona mkaandika kama sifa?"

"Mimi ndiye niliyetaka iandikwe Kiswahili chepesi," alisema. "Hilo ni langu."

"Na kukuletea kwenye simu ni langu," Mapatano akasema, kwa kuwa bidhaa ikishaharibika ni bora uishike mwenyewe kabla hujashikishwa.

"Kwa hiyo mmenichezea." Mzee akapiga kaunta kwa kiganja. "Mmenifanya niwape watu misumari ya bure! Keshokutwa mtaniona. Hicho chumba chenu..."

Hakumaliza. Pumzi ilimwishia katikati, akashika ukingo wa kaunta, akavuta hewa kama anayekunywa kwa mrija ulioziba. Mkewe alikuwa ameshasimama.

"Eti jana sifa, leo ugonjwa!" alisema, si kwa hasira tena. "Analala na mito mitatu, binti. Akilala chali anasema anazama. Mimi nilidhani ni uzee. Mwambie vizuri, mimi nasikiliza."

Vuta Pumzi akapiga simu kwa daktari wa mbali, akaiweka kwenye kaunta kati ya mizani na sanduku la bawaba. Ile sauti ya kukwaruza ikajaza duka. "Mzee, pole. Mimi niliona umbo, nikaandika nilichoona. Sikuona kwamba neno lina njia mbili. Lakini niliandika urudi kwa daktari."

"Nilidhani nirudi kupongezwa!"

Kule mbali simu ikasogezwa pembeni, kama ya mtu anayeficha kicheko, kisha daktari akarudi. "Sasa nenda ukapimwe presha leo. Usilale nayo."

Mzee Misumari akakaa kwenye ndoo ya mkewe. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akishapata hasara huuliza kiasi gani. "Huo moyo, unaweza kurudi?"

"Presha ikishuka, unaweza kupungua kidogo," Vuta Pumzi alisema. "Au ukabaki hapo usizidi. Daktari atakupa vidonge. Chumvi ya mezani iondoke."

"Napunguza nusu."

"Iondoke."

"Sigara nabaki na tatu."

"Hakuna."

"Mbili. Asubuhi moja, baada ya chakula moja."

"Mzee, hapa si dukani."

"Ni dukani!" alifoka, na kweli walikuwa dukani. Akamgeukia Mapatano kama mtu anayetafuta shahidi wa taaluma yake. "Kijana, wewe unaijua kazi hii. Mwambie."

"Mzee, na mimi nimejaribu muda si mrefu," Mapatano alisema. "Huyu hapunguzi."

Mkewe akacheka, cheko la kwanza alilolitoa alasiri ile, akachukua pakiti ya sigara kutoka mfuko wa shati la mumewe, akaitumbukiza kwenye kopo la gundi.

Hospitalini jioni ile daktari wa zamu alimpima presha, akaangalia kipimo, akapima tena mkono wa pili. Asubuhi iliyofuata mzee alipelekwa hospitali kubwa, ananung'unika njia nzima kwamba wangengoja kikao kipite kwanza. Maneno yaleyale ya Mapatano! Na mtu aliyemkatalia alikuwa yuleyule mama wa picha.

Kikao kikakaa bila mwenyekiti. Makamu wake, mtu wa hesabu aliyeyapenda magodoro kuliko picha, akasimama kusema kwamba huduma iliyomletea mwenyekiti aibu haina haja ya kujadiliwa. Mapatano alikuwa ameitwa, ameketi karibu na mlango, anajiambia kwamba majenereta bado yana soko. Vuta Pumzi alikuwa ukutani, mikono imekunjwa, amevaa viatu vya kazini. Simu ya makamu ikalia. Akaitazama, akasita, akaiweka mezani na kuipandisha sauti.

"Mnanisikia?" Ilikuwa ni sauti ya Mzee Misumari, dhaifu lakini ya dukani hasa. "Naongea nikiwa kitandani. Kitanda chenyewe nimekipata leo asubuhi. Jana nilikaa kwenye benchi mchana kutwa nangoja picha ambayo kwetu hupigwa kabla ya chai. Wameiangalia ile ya kwetu, ile ya yule binti, wakasema inatosha, nzuri, wakaendelea nayo. Nimepimwa moyo wenyewe kwa mashine nyingine. Wamesema ningengoja kidogo, ningekuja nimelala. Sasa sikilizeni. Chumba kibaki."

Makamu akakohoa. "Mwenyekiti, na ile ahadi yako ya kulipia mwaka mzima?"

"Niliitoa nikiwa mgonjwa," mzee alisema. "Haihesabiki. Hospitali italipa yenyewe. Na huyo kijana yupo hapo?"

"Nipo, mzee."

"Punguza."

"Mzee, bei tulishaijadili na mganga mkuu, imeshafika chini..."

"Umenitembeza mji mzima najitangazia ugonjwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Punguza."

Wajumbe waliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mapatano akataja bei. Mzee akasema hasikii vizuri. Akataja nyingine. Mzee akasema mtandao wa hospitali kubwa ni mbovu sana. Mzee aliporidhika kusikia, Mapatano alikuwa ameshuka hadi mahali ambapo hakuwahi kushuka tangu enzi za viatu vya mitumba, na mkataba aliopewa ulikuwa wa mwaka mmoja, si mitatu aliyoiota. Juu yake akatwikwa gharama za simu za daktari wa mbali, maana bodi iliamua kwamba neno lolote lenye njia mbili lipigiwe simu. Majibu hayakwenda tena kwa mgonjwa moja kwa moja. Yalikwenda kwa daktari wa zamu, kisha mgonjwa aliketishwa, akasomewa na kufafanuliwa, na aliyepewa ruhusa na kazi hiyo ya kufafanua alikuwa mama wa picha. Ruhusa aliipata. Nyongeza ya mshahara haikutajwa, na muda pekee uliopatikana ulikuwa ule wa chakula cha mchana.

Mzee alirudi baadaye, amekonda, viatu vya kufunga kamba miguuni. Siku ya kwanza dukani mwashi alikwenda mbio akanunua kilo ya misumari, akakinga mfuko apewe robo yake. Mzee akaihesabu kilo ile, mmoja mmoja.

Mwashi akaja kulalamika barazani kwa fundi, mbele ya Mapatano aliyekuwa ameleta suruali nyingine. "Shemeji," alimwambia Vuta Pumzi, "ungengoja wiki moja tu. Mimi nilikuwa nimepanga mabati."

"Ungeezeka kwa rambirambi," Vuta Pumzi alijibu. Alikuwa anakula wali wa mchana saa ya jioni, amesimama, sahani mkononi.

Mapatano aliuliza kama kazi mpya inamlemea. Akasema inamlemea. Watu wanauliza maswali mpaka ya ndoto zao. Leo kamaliza mmoja aliyetaka kujua kama mapafu yake yanaonyesha kwamba ni mtu wa ukoo mzuri. "Lakini naongea, kaka. Nikiona, nasema." Akakwangua sahani. "Na wewe? Unapata chochote kwenye hilo bomba lako?"

"Mwaka huu, hasara ndogo," alisema, na kwa mara moja hakutia chumvi. "Mwakani tutaona."

"Mwakani usije na bei ya juu."

"Nitakuja na bei ya juu, ili nipate pa kushukia."

Fundi akamrushia suruali yake. Alipoipima nyumbani aliikuta miguu yote miwili sawa, ila kiuno kimebana. Hakuirudisha. Ufundi wa suruali ile hakuulipia, fundi aliuhesabu ndani ya mapatano yake na mama wa picha.